Fungu la majarida la maktaba ya utafiti: tulipe ada za makala nje, au tujenge jarida na hifadhi yetu hapa Tanga?

Mkutubi wa Chumbageni

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mkutubi katika maktaba ndogo ya utafiti hapa Tanga. Mwezi ujao kamati yetu inakaa kupanga bajeti, na mezani lipo pendekezo linaloninyima usingizi: kwamba fungu lote la majarida, tulilolipigania miaka mitatu hadi likapatikana, ligeuzwe kuwa mfuko wa kuwalipia watafiti ada za kuchapisha makala katika majarida huria ya nje. Walioleta pendekezo hilo ni watu ninaowaheshimu na nia yao ni njema. Hata hivyo naamini kwamba tukilipitisha tutakuwa tunaziba ufa kwa tofali la ukuta ule ule, na ningependa kueleza sababu zangu kwa kirefu, ili wenye ujuzi zaidi wanisahihishe kabla sijasimama mbele ya kamati.

Jarida huria ni lile ambalo msomaji, popote alipo, hulisoma, hulipakua na kulinakili bila malipo. Wazo hilo lilipata jina na maelezo katika tamko la Budapest la Februari 2002, likafuatiwa na tamko la Berlin la Oktoba 2003. Matamko hayo yalitaka msomaji asilipe. Hayakumlazimisha mwandishi alipe badala yake. Nani abebe gharama lilibaki swali lenye majibu mengi, na jibu lililoenea kwa kasi kuliko mengine likawa kumtoza mwandishi mara makala yake inapokubaliwa. Jarida huria la PLoS Biology lilipoanza Oktoba 2003 lilitoza dola 1,500 kwa makala. Siku hizi ada ya dola 2,000 au 3,000 haimshangazi mtu, na jarida la sayansi la Nature, lilipowafungulia waandishi njia hiyo Januari 2021, lilianzia euro 9,500. Hata ukiihesabu euro moja kwa shilingi 2,800 tu, makala moja inapita shilingi milioni 26. Maktaba yangu haijawahi kushika fedha hiyo kwa mwaka mzima.

Wenzetu wanaotetea mfuko husema kwamba maktaba kubwa za Ulaya na Marekani ndivyo zinavyofanya, nasi tufuate. Naomba tutazame kwa makini kinachofanyika huko, kwa sababu hapo ndipo hesabu yetu na yao zinapoachana. Mwaka 2015 maktaba ya kidijitali ya Max Planck huko Ujerumani ilitoa waraka ulioonyesha kwamba dunia hutumia takriban euro bilioni 7.6 kwa mwaka kulipia usajili wa majarida ya kitaaluma. Ukizigawa kwa makala milioni 1.5 hadi 2 zilizokuwa zikichapishwa kila mwaka, unapata kati ya euro 3,800 na 5,000 kwa kila makala, kiasi kinachozidi kwa mbali ada ya wastani ya jarida huria wakati ule. Hoja ya waraka ilikuwa kwamba fedha tayari zimo ndani ya mfumo, kinachotakiwa ni kuzihamisha kutoka kulipia kusoma kwenda kulipia kuchapisha. Ujerumani ikafunga mikataba ya namna hiyo na wachapishaji wakubwa: Wiley mwaka 2019, Springer Nature mwaka 2020 na Elsevier mwaka 2023. Chuo Kikuu cha California kilivunja mazungumzo na Elsevier Februari 2019, kikakaa miaka miwili bila mkataba, kikarudi Machi 2021 na makubaliano yanayobeba kusoma na kuchapisha kwa pamoja.

Hoja hiyo inamfaa mwenye bili ya usajili ya kuhamisha. Sisi bili hiyo hatuna. Tangu HINARI, mpango wa kuzifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya afya, ilipoanza mwaka 2002, ikafuatwa na AGORA ya kilimo mwaka 2003 na OARE ya mazingira mwaka 2006, na zote zikaja kukaa chini ya mwavuli wa Research4Life, taasisi za Tanzania zimekuwa zikisoma maelfu ya majarida ya kulipia bila kutoa senti, kwa kuwa nchi yetu imo katika Kundi A, la nchi zinazosoma bure. Ni msaada mkubwa, na mimi mwenyewe nimeshuhudia daktari kijana akipata ndani ya dakika tano makala ambayo mwalimu wake angeisubiri miezi kadhaa kwa posta. Lakini matokeo yake ni kwamba katika vitabu vyetu vya hesabu kifungu cha majarida ya nje kinakaribia sifuri. California ilipohamisha fedha, ilihamisha fedha iliyokuwapo. Tanga ikitakiwa kulipa ada, italipa fedha mpya kabisa, itakayokatwa kwenye intaneti, kwenye vitabu vya kiada au kwenye mshahara wa mtu. Mlango wa kusoma tuliuzoea ukiwa wazi; sasa wao wanasoma bure kama sisi, na kizuizi kimehamia kwenye mlango wa kuandika, ambao sisi ndio tusio na cha kulipia.

Niseme kwa mfano wa hapa nyumbani. Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alitoweka pamoja na dinosaria hadi alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, amekuwa akinaswa na nyavu za jarife za wavuvi wa pwani yetu tangu 2003, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ujuzi wa mahali anapokaa, msimu anaponaswa na kina cha nyavu unaanzia kwa wavuvi wa Kigombe. Kijana wa Tanga akitaka kuandika makala ya kurasa nane juu ya ujuzi huo, bila mradi wa mfadhili nyuma yake, anaambiwa alete dola 2,000. Majaribio makubwa hayana shida hiyo: Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 katika nchi saba vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, na utafiti wa ukubwa huo huja na fedha za kuchapishia ndani ya bajeti yake. Wanaobanwa ni wenye utafiti mdogo wa mkonge, wa mwani, wa maji ya Mto Pangani, ambao ndio tunaouhitaji zaidi sisi wenyewe.

Sababu yangu ya pili ni tabia ya ada yenyewe. Mchapishaji anayelipwa na msomaji hupata hasara akijaza jarida makala mbovu, kwa kuwa maktaba zitajiondoa. Anayelipwa kwa kila makala inayokubaliwa ana kila kishawishi cha kukubali nyingi. Wiley ilimnunua Hindawi, mchapishaji wa majarida huria ya ada, mwaka 2021 kwa dola milioni 298. Kufikia mwisho wa 2023 makala zaidi ya 8,000 za majarida ya Hindawi zilikuwa zimefutwa kwa mwaka huo mmoja, na jina lenyewe likaachwa. Wakati huo huo kitengo cha sayansi na tiba cha RELX, kampuni inayomiliki Elsevier, kilipata faida ya uendeshaji ya karibu asilimia 38 ya mapato yake mwaka 2023. Wahakiki wanaozisoma makala hizo kabla ya kuchapishwa hawalipwi. Mimi siwezi kutetea kwamba shilingi ya mlipakodi wa Tanzania iende huko wakati jarida la taasisi yetu limesimama kwa kukosa mtu wa kulipanga kurasa.

Pendekezo langu ni kwamba fungu liende sehemu tatu: kulifufua jarida letu liwe huria na lisimtoze mwandishi wala msomaji, kusimika hifadhi ya kidijitali ya machapisho ya taasisi, na kumwezesha mkutubi mmoja awe kazi yake kuwasaidia waandishi kuomba misamaha ya ada na kulinda haki zao. Open Journal Systems, programu ya kuendeshea jarida, imekuwa ikitolewa bure tangu 2001, na DSpace, ya kuendeshea hifadhi, tangu 2002. Tovuti ya African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998 na ambayo sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, imebeba majarida zaidi ya 500 ya bara hili. Hata katika DOAJ, orodha ya majarida huria ya dunia, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003, zaidi ya nusu ya majarida hayamtozi mwandishi chochote. Njia ipo, na imekwisha kanyagwa na wengi.

Naomba kuwasilisha.

Mtafiti wa Mlingano

Ndugu Mkutubi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru kwa hesabu zako. Mimi ni mmoja wa wale wanaotaka mfuko, na nitasema wazi kwa nini.

Nikikaa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, wanatazama makala zangu zimetoka wapi. Hawaulizi kama mkulima wa mkonge wa Muheza amezisoma. Jarida la taasisi ambalo limekaa miaka minne bila toleo, halimo katika faharasa yoyote ya kimataifa na tovuti yake inafunguka siku tatu kwa wiki, haliwezi kunisaidia, hata likiwa la bure. Ngoma ya watoto haikeshi. Na hili silisemi kwa kuwadharau wenzetu wa Afrika peke yao: uchunguzi mmoja uliofanywa na wataalamu wa Ulaya uliyahesabu majarida huria 174 yaliyotoweka kabisa kwenye intaneti kati ya 2000 na 2019, na mengi yake yalikuwa ya vyuo na vyama vya wanataaluma. Makala iliyotoweka ni sawa na ambayo haikuandikwa.

Halafu, wewe unaizungumzia ada kana kwamba mtafiti anaipenda. Mwaka juzi nililipa dola 900 kutoka mfukoni mwangu, fedha ya ada ya shule ya mwanangu, kwa sababu jarida lilinipa siku kumi na tano. Kama mfuko ungekuwapo nisingefika huko. Unaniambia nisubiri jarida lifufuliwe. Nisubiri mpaka lini?

Mkutubi wa Chumbageni

Ndugu yangu wa Mlingano, pole sana kwa hilo la ada ya mtoto. Nimelisoma mara mbili, na ndilo hasa linalonifanya nitake mkutubi wa kuwasaidia waandishi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inawezekana kabisa kwamba zile dola 900 hukupaswa kuzilipa. Wachapishaji wengi wakubwa wana msamaha wa ada kwa nchi kama yetu, ila wamezificha taratibu zake katika kurasa ambazo mtafiti hana muda wa kuzisaka. Wengine huufuata mgawanyo wa Research4Life, ambamo Kundi A hupata msamaha kamili na Kundi B nusu. Wengine huifuata orodha ya Benki ya Dunia, na hapo tuwe macho, kwa kuwa Julai 2020 Tanzania iliingizwa katika nchi za kipato cha kati cha chini, na kwa wachapishaji hao tukashuka kutoka msamaha kamili hadi punguzo. Umoja wa Mataifa bado unatuhesabu miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi. Nchi ni ile ile, mwandishi ni yule yule, ila orodha iliyo mezani kwa mchapishaji ndiyo inayoamua kama atalipa sifuri au dola elfu moja.

Nayakubali pia maneno yako juu ya majarida yanayokufa. Lakini tazama majarida hayo 174 yalikufa kwa nini: hayakuwa na nakala nyingine iliyohifadhiwa mahali salama. Dawa yake si ghali. Jarida linaloendeshwa kwa Open Journal Systems linaweza kuwekwa katika mtandao wa uhifadhi wa waundaji wa programu hiyo bila ada, na nakala ya pili ikakaa katika hifadhi yetu. Kuhusu kamati ya vyeo, hapo sina jibu la maktaba. Ni suala la kanuni za taasisi, na nitafurahi tukilipeleka pamoja, kwa kuwa sauti ya mtafiti itasikika kuliko ya mkutubi.

Hesabu moja bado inanisumbua, nawe unijibu kwa haki. Fungu letu lingelipa ada za makala nne, labda tano. Taasisi ina watafiti zaidi ya thelathini. Tungewachagua vipi hao wanne?

Mhariri Mstaafu

Wanangu, nimeshika uhariri wa jarida la kitaaluma kwa miaka mingi, na leo nipo nyumbani Raskazone nikitazama bahari. Niruhusuni niseme neno.

Mkutubi ana haki katika jambo kubwa, ila amekosea katika jambo moja ambalo litamuumiza asipolirekebisha. Anasema programu ni ya bure. Programu haijawahi kuniua. Kilichoniua ni watu. Mswada mmoja unahitaji wahakiki wawili wa kweli, na ili uwapate wawili unaandika barua kwa saba. Wakikubali, unawakumbusha mara tatu. Makala ikirudi, inahitaji mtu wa kunyoosha lugha, wa kulinganisha kila jina lililo ndani na orodha ya marejeo, wa kuhakikisha majedwali yanajumlika, wa kupanga kurasa. Kazi hizo nilizifanya usiku, baada ya kufundisha, bila posho, na nilipostaafu hakuna aliyezipokea. Ndiyo sababu toleo lililofuata halikutoka. Mwaka 2021 ulitoka utafiti juu ya majarida yasiyomtoza mwandishi wala msomaji, yale yanayoitwa ya almasi. Ulikadiria kwamba yapo kati ya 17,000 na 29,000 duniani, na ukakuta kwamba mengi yanategemea kujitolea. Kujitolea kuna mwisho wake.

Kwa hiyo, mwanangu Mkutubi, usiende mbele ya kamati na bajeti ya seva. Seva ni fedha ndogo. Nenda na bajeti ya mtu: mhariri msaidizi wa nusu siku, mwenye mkataba, anayelipwa kila mwezi, na ambaye akiondoka nafasi yake inatangazwa. Wenzetu wa Brazili walipoanzisha SciELO, maktaba ya mtandaoni ya majarida huria, mwaka 1998 walikuwa na mfuko wa utafiti wa jimbo la São Paulo nyuma yao, na ndio maana imesimama hadi leo. Na usianze na matoleo manne kwa mwaka. Anza na moja, litoke tarehe uliyosema. Jarida linaloaminika ni lile linalotoka siku yake.

Kwa ndugu wa Mlingano: usilidharau jarida dogo, bali lidai. Liandikie, lihakikie, na toleo likichelewa mpigie simu mhariri. Mimi nilipigiwa simu na wachache sana.

Mkutubi wa Chumbageni

Mzee wangu, shikamoo. Nimeyachukua yote. Usiku huu nimeifuta safu ya seva mpya na kuweka mhariri msaidizi wa nusu siku. Seva iliyopo itatosha kwa toleo moja kwa mwaka. Namba za DOI, yaani vitambulisho vya kudumu vya makala, pia hazitatugharimu, kwa sababu tangu Januari 2023 Crossref, shirika linalozisajili, limewasamehe ada wanachama wa nchi zenye uwezo mdogo zaidi wa kiuchumi, na Tanzania imo katika orodha yake.

Mtafiti wa Mlingano

Mzee, marahaba ya Mkutubi naomba na mimi nipate, shikamoo. Kuhusu swali la wale wanne, nimelifikiria na sina jibu la haki. Wangepata wenye vyeo, sisi tunajua hivyo. Nitaunga mkono safu ya mhariri, kwa sharti kwamba ibaki akiba ndogo kwa ajili ya mtu atakayekuwa amebanwa kweli baada ya kunyimwa msamaha, na masharti yake yaandikwe, yasiachwe kwa hisani ya mtu.

Mkutubi wa Chumbageni

Nakubali akiba hiyo. Pia nitaandika kwamba haitagusa majarida mseto, yaani yale yanayotoza maktaba usajili na bado yanamtoza mwandishi anayetaka makala yake iwe huria. Huko ni kulipwa mara mbili kwa kazi moja. Hata wafadhili wanajitoa: Plan S, mpango wa wafadhili wa utafiti wanaotaka makala ziwe huria, ilitangazwa Septemba 2018 ikiwa na ruhusa ya muda kwa mikataba ya mpito ya majarida kama hayo, na muungano wa wafadhili wake ukasema ruhusa hiyo ikome mwisho wa 2024, Taasisi ya Gates nayo imeacha kulipa ada za makala tangu 2025. Watafiti wetu waliozoea kumtegemea mfadhili kwa ada wajue hilo mapema.

Binti Pangani

Samahanini kaka zangu na mzee wetu kwa kuingilia. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Makala yangu ya kwanza imekubaliwa na jarida moja la nje wiki iliyopita, nikafurahi sana, kisha jana nimeletewa ankara ya dola 2,200 na fomu yenye visanduku viwili vya kuchagua. Msimamizi wangu anasema nimeshachelewa kuomba msamaha. Je, nimeipoteza makala?

Mkutubi wa Chumbageni

Hujaipoteza, dada. Usilipe chochote leo, na usikope.

Soma kwanza visanduku hivyo viwili taratibu. Kama kimoja kinasema makala iwe huria kwa ada, na kingine kinasema ichapishwe kwa njia ya usajili, basi jarida hilo ni mseto, na una haki ya kuchagua cha pili bila kulipa. Hapo utasaini makubaliano ya hakimiliki. Usisaini kabla hujaniletea niyasome, kwa kuwa humo ndimo kinamopatikana kipengele kinachosema unaweza kuweka wapi nakala yako na baada ya miezi mingapi. Mengi huruhusu nakala iliyokubaliwa iwekwe katika hifadhi ya taasisi baada ya muda waliouweka, na ikishawekwa, mtu yeyote ataisoma bure, kuanzia Pangani hadi popote.

Ikiwa hakuna njia ya usajili, yaani jarida zima ni la ada, mwandikie mhariri leo hii. Eleza kwamba mwandishi mwenye dhamana ya mawasiliano ni wewe na anwani yako ni ya taasisi ya Tanzania, kwa kuwa msamaha mara nyingi hufuata taasisi ya mwandishi huyo, si ya wenzake. Msimamizi wako anasema kweli kwamba maombi hutakiwa wakati wa kuwasilisha mswada, lakini wapo wahariri wanaosikiliza wakielezwa kwa adabu na mapema.

Binti Pangani

Kaka, nimesoma. Kisanduku cha pili ni cha usajili, hakina malipo. Nilikuwa sijakiona kwa sababu kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ankara.

Mkutubi wa Chumbageni

Alhamdulillahi. Kichague hicho, kisha kesho asubuhi njoo maktaba na yale makubaliano ya hakimiliki pamoja na faili la mwisho ulilowatumia wewe, baada ya masahihisho ya wahakiki na kabla wao hawajalipanga kurasa. Lile lenye nembo yao usilete. Hilo haturuhusiwi kuliweka.